Mama Mkwe na Samaki wa Mdomo Mkubwa

Kwa miaka kumi na minne ya ndoa yangu sikuwahi kumwona mama mkwe wangu mzima. Nilimwona kwa vipande. Siku ya harusi niliona viatu vyake. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa niliona mkono wake ukipokea kikombe mlangoni. Na katika mazishi ya shangazi wa mke wangu niliona kisogo, nikaambiwa ndicho chenyewe, nikageuka haraka na kutazama ukuta mpaka kilipopita.

Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya Kikamba baina ya mwanamume na mama wa mke wake. Siku hizi wengi wameiacha, hasa sisi watu wa kanisa. Utakuta mtu na mama mkwe wake wamekaa kwenye sofa moja wakitazama taarifa ya habari. Lakini ukoo wa mke wangu ni watu wa kushikilia mambo. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Kwa kawaida aliyeingia kichakani ni mimi. Navijua vichaka vya Kasikeu kuliko mbuzi wa hapa.

Haikuwa taabu kubwa, kwa sababu yeye aliishi Naivasha, mpishi katika kambi moja ya wageni kando ya ziwa. Kisha akastaafu. Nyumba yake ya Kibwezi ilikuwa inaezekwa upya, kwa hiyo akaja kukaa kwetu wiki tatu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu akipata tatizo huchora ratiba. Nikaichora, nikaibandika jikoni: sebule ni ya mama mkwe asubuhi, ni yangu kuanzia saa kumi jioni, njia ya chooni ina zamu, mtu akitaka kupita wakati usio wake akohoe mara mbili. Wiki ya kwanza nyumba nzima ilisikika kama wadi ya kifua.

Alikuja na masanduku mawili na mfuko mrefu mwembamba. Mke wangu alikisia kwamba mfukoni mna fimbo za mapazia. Nilifurahi, maana madirisha yetu yalikuwa yamefungwa leso kwa misumari.

Siku ya tano jirani alikuja kuomba kiberiti, akakuta mama mkwe amefungua sanduku dogo la plastiki mezani. Ndani mlikuwa na vyura wawili wa mpira wenye sketi za nyuzi, minyoo ya zambarau, manyoya ya kuku, vijiko vidogo visivyo na mpini, na ndoana. Jirani hakuchukua kiberiti. Kesho yake mchungaji akafika kwetu, Biblia kwapani, na uso wa mtu aliyetumwa.

Kwa mujibu wa ratiba sebule haikuwa yangu, kwa hiyo nilikaa kwenye kijia cha ndani, nyuma ya pazia la mlango, nikasikiliza.

“Mama,” mchungaji alianza kwa upole, “tumesikia una vitu.”

“Ninavyo,” alisema mama mkwe. “Vuta kiti nikuonyeshe.”

Nikasikia sanduku likifunguliwa.

“Huyu chura ni wa asubuhi na jioni, maji yakiwa yametulia. Unamrusha karibu na matete, unamwacha mpaka viduara vya maji viishe kabisa. Halafu unamtikisa kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Unamwacha tena. Ukimvuta mbio, samaki anajua huyo si chura, ni mtu mwenye haraka.”

“Samaki,” alisema mchungaji, na sauti yake ikashuka mabega.

“Ulidhani nini?”

“Nilidhani samaki.”

“Huyu mnyoo ni wa maji ya matope. Maji yakichafuka chukua rangi nyeusi au zambarau, kwa sababu samaki haoni rangi, anaona kivuli. Ncha ya ndoana unaificha ndani ya mwili wa mnyoo, ndiyo isishike miti iliyozama. Hiki kijiko ni cha siku ya upepo, kinametameta.”

“Na ni samaki gani huyo anayekula mpira?”

“Besi.”

Kanisani kwetu besi ni sauti ya nne ya kwaya, na sauti ya nne ya kwaya ni mimi na fundi mmoja wa pikipiki. Niliona kivuli cha mchungaji kikigeukia pazia.

“Besi si ni mwalimu?” aliuliza.

“Hapana, ni samaki. Wazungu waliwaweka Naivasha zamani. Mgongo wa kijani, mstari mweusi ubavuni, na mdomo mkubwa unaopita jicho.”

Mchungaji akaiweka Biblia mezani. Kisha akasema polepole kwamba mstari huo mweusi anaujua. Kule chini kuna bwawa la zamani lililochimbwa na mlowezi aliyefuga ng’ombe. Mlowezi aliondoka, bwawa likabaki, na sisi hubatizia humo. Humo mna samaki wa mdomo mkubwa wanaowauma waumini vidole vya miguu. Safari moja mama mmoja aliruka kutoka majini kabla mchungaji hajafika kwenye Roho Mtakatifu, na watu ukingoni wakapiga vigelegele wakidhani ni upako.

“Hao ni besi!” alisema mama mkwe, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akicheka.

Mchungaji aliliombea sanduku hata hivyo, kwa kuwa ndilo alilotumwa. Baada ya amina akauliza kama anaweza kuzungusha kidogo kile kigurudumu cha kukunjia uzi, kinachoitwa rili. Alikizungusha mpaka chai ikapoa.

Jumamosi ya wiki ile ile tukashuka bwawani. Shida ilikuwa moja: mama mkwe alikuwa na bega bovu, na daktari alikuwa amemkataza kurusha. Mke wangu anaogopa maji yaliyozidi beseni. Mrushaji akawa mimi, mtu ambaye samaki pekee niliyewahi kumkaribia alikuwa wa mkebe.

Tukajipanga hivi. Mimi nilisimama ukingoni na fimbo ya kuvulia, ile iliyotoka kwenye mfuko mrefu, uso majini, mgongo kwa mama mkwe. Yeye alikaa juu ya jerikeni hatua kumi nyuma yangu. Mke wangu alisimama katikati awe mpitishaji wa maneno, mkono mmoja ukiwa na mandazi. Hatua kumi si mbali. Kila alichosema mama mkwe nilikisikia wazi kama kengele ya shule. Lakini kukitii kabla sijaletewa kungekuwa sawa na kumjibu, kwa hiyo nilingoja.

“Mwambie mwalimu aukunje uzi uwe mara mbili, aupitishe kwenye jicho la ndoana,” alisema mama mkwe.

“Mwalimu, mama anasema uukunje uzi mara mbili, uupitishe kwenye jicho la ndoana.”

Nikapitisha.

“Afunge fundo la kawaida, lisikazwe. Halafu apitishe ndoana yote ndani ya kile kitanzi. Alilowanishe fundo na mate ndiyo alikaze. Uzi mkavu hujichoma.”

“Ufunge fundo, upitishe ndoana kwenye kitanzi, uteme mate,” alisema mke wangu. “Na ule mlango wa choo haufungi tangu mwezi wa nane.”

“Mlango wa choo unahusianaje na fundo?”

“Hauhusiani. Hiyo ni yangu.”

Nikagundua mapema kwamba ujumbe wa mama mkwe ulikuwa unafika na mizigo mingine. Nilipoambiwa nisisimame pale jua linapotupa kivuli changu majini, kwa sababu samaki wanakiona na kukimbia, niliambiwa pia kwamba ada ya kwaya haijalipwa. Nilipoambiwa nitafute miti iliyozama, kwa kuwa besi hakai mahali peupe, hukaa kando ya kitu kama mtu anayengojea gari kwenye kivuli cha duka, niliambiwa pia kwamba dada yangu akija tena na watoto wote saba aseme mapema.

Kurusha kwenyewe nilikujifunza kwa aibu. Mara ya kwanza mnyoo ulianguka miguuni pangu. Mara ya pili ulipaa juu, ukakaa kwenye mgunga, na mke wangu akauangua kwa ufito. Mara ya tatu niliusahau uzi kwenye kidole na fimbo nzima ikataka kwenda. Mara ya tisa mnyoo ukaenda mbele, ukaingia majini karibu na kisiki kwa sauti ndogo nzuri, plup.

“Auache uzame mpaka chini,” alisema mama mkwe. “Asiangalie fimbo, aangalie uzi.”

Nikaletewa. Nikautazama uzi. Ulikuwa umelala juu ya maji, umelegea. Kisha, bila upepo wowote, ukaanza kwenda upande wa kushoto.

“Uzi umeenda!” alisema mama mkwe, akisimama. “Mwambie akaze! Mwambie akaze sasa!”

Nilimsikia. Mikono yangu ilimsikia. Lakini mke wangu alikuwa ametia andazi zima mdomoni, akainua kidole kutuomba subira. Akatafuna. Akameza. Akapangusa midomo.

“Mwalimu, mama anasema ukaze.”

Nikakaza. Mnyoo ukarudi bila mkia.

“Mama anasema nini?” niliuliza.

“Hajasema kitu.”

“Amefanya nini basi?”

“Ameangalia mbinguni.”

Baada ya chai, mama mkwe akaamua tubadilishe chambo. Maji yalikuwa yametulia na jua halijawa kali, na kando ya matete palikuwa na viduara. Akamtoa chura, akampa mke wangu, mke wangu akaniletea kwa mkono ulionyooshwa kama anayebeba nepi. Nikamfunga vizuri, mate na yote. Nikaambiwa nimtupe palipo na mwanya kati ya matete. Kumbe mama mkwe mwenyewe, kwa kutaka kuuona mwanya huo sawasawa, alikuwa ameacha jerikeni lake akasogea karibu. Mimi singejua. Kugeuka kulikuwa kumekatazwa.

Nikapeleka fimbo nyuma. Nilipoileta mbele nilisikia uzito kidogo. Nikadhani ni nguvu zangu zimeongezeka. Chura akapaa vizuri kuliko mrusho wowote wa siku ile, na nyuma yake kikapaa kitu cha njano chenye maua, kikipepea. Vikatua pamoja kwenye mwanya, pale pale nilipotaka.

“Nimeweza!” nikasema.

“Usigeuke!” mke wangu alipiga kelele. “Mwalimu, usigeuke hata kidogo!”

“Kuna nini?”

“Umemvua mwaitu kitambaa.”

Mwaitu ni mama. Kitambaa ni cha kichwa. Miaka kumi na minne ya kuingia vichakani, na sasa nilikuwa nimemwacha mama mkwe kichwa wazi kwa chura wa mpira. Nikafumba macho, ingawa nilikuwa nimeelekea majini na mbele yangu hapakuwa na mtu ila bata mmoja.

“Nifanye nini?” nikanong’ona.

“Vuta kitambaa cha watu!”

Nikaanza kukivuta. Nilivuta kidogo, aibu ikanishika, nikaacha. Nikavuta tena kidogo. Nikaacha, nikifikiria nitahamia wapi. Nina binamu kule Kalamba. Nikavuta kidogo tena. Bila kujua nilikuwa namvuta chura kama alivyoelezwa mchungaji, kama mtu aliyekumbuka kitu.

Maji yakalipuka.

Sijui neno lingine. Palitokea mshindo kama mtu amebwaga karai, na fimbo ikapinda mpaka ncha yake ikagusa maji. Nikafumbua macho. Kitambaa cha njano kilikuwa kinakwenda kasi kuelekea katikati ya bwawa, chenyewe, kama kimepata habari mbaya nyumbani. Rili ikaanza kulia kwenye mkono wangu. Nikangoja maelekezo, lakini mpitishaji wangu alikuwa anaruka juu na chini akilia “Aiee! Aiee!” na hilo halikuwa elekezo. Halafu samaki akapaa. Alitoka majini mwili mzima, mnene, wa kijani, mdomo wazi kama anataka kunimeza mimi, kitambaa kikining’inia kama skafu ya padri.

“Shusha fimbo!” ilisema sauti nyuma yangu.

Nikangoja mke wangu aniletee.

“Shusha fimbo, wewe mwanamume, au nikuandikie barua?”

Nikaishusha. “Ndiyo, Mama!” nikasema.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu nimwoe binti yake.

“Akiruka unashusha, akizama unainua! Usilegeze uzi! Ondoa mkono kwenye rili, mwache akimbie, breki itamchosha!”

“Ndiyo, Mama!”

“Mvute upande, upande! Anaenda kwenye kisiki, akifika huko ataufunga uzi akuache na fimbo tupu!”

“Ndiyo, Mama!”

“Rudi nyuma, rudi taratibu!”

Nikarudi nyuma, nikiwa nimekaza macho majini ili nisimwone, nikakanyaga jerikeni, nikakaa chini kwenye tope kwa kishindo. Fimbo sikuiachia. Hilo najisifia. Nikiwa nimekaa hivyo, mtu akanipita kushoto, akaingia bwawani na nguo zake mpaka magotini, akainama, akamshika samaki kwa kidole gumba ndani ya mdomo wa chini, na samaki akatulia kabisa, kama mtoto aliyeshikwa sikio.

“Haya,” alisema. “Angalia samaki wako.”

“Siwezi, Mama. Huna kitambaa.”

Bata akalia. Mke wangu alikuwa ameacha kuruka.

“Ni mvi tu, mwalimu,” alisema mama mkwe. “Hazijawahi kuua mtu.”

Nikainua macho. Nilimwona samaki kwanza, mzito kama mtoto wa miezi mitatu, mstari mweusi ubavuni, chura wetu amebanwa kwenye pembe ya mdomo. Kisha nikauona uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa uso wa kutisha, uso wa ukoo mzima. Nikakuta mwanamke mfupi mwenye nywele fupi nyeupe na mwanya wa meno, maji yakimchuruzika kwenye kidevu, anacheka vile vile anavyocheka mke wangu, kuanzia puani. Niliionea huruma miaka ile yote. Nilikuwa nimelala kwenye nyumba yenye kicheko hicho kila siku na sikujua kilikotoka.

Yeye naye alinitazama kwa makini, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kuniona kwa mbele.

“Kumbe una upara,” alisema. “Kwa nyuma hauonekani.”

Tulipanda kurudi nyumbani, tope kwangu, maji kwake, kitambaa kikikauka mabegani mwa mke wangu kwa sababu hakuna aliyejua sheria inasema nini kuhusu kitambaa kilichoingia mdomoni mwa samaki. Mke wangu ndiye aliyesema lazima mjomba wake aambiwe. Akapigiwa simu. Mjomba ni mtu wa mila, akauliza kwanza uzito wa samaki, akaguna, kisha akasema nthoni ikivunjika haibandikwi. Inaondolewa sawasawa: mkwe ampe mama mkwe blanketi mbele ya watu, basi wanakuwa huru kuongea.

“Blanketi ninazo nne,” alisema mama mkwe kutoka sebuleni, kwenye zamu ambayo haikuwa yake. “Mwambie mwalimu aninunulie gamubuti.” Kisha akakumbuka, akapaza sauti. “Mwalimu! Ninunulie gamubuti!”

Nikanunua hivyo viatu virefu vya mpira, vya kijani, namba tano. Mchungaji alikuwa shahidi, na baada ya maombi alikaa kula. Mama mkwe alimpasua samaki, akampaka chumvi na ndimu, akamkaanga akakauka vizuri. Watoto wangu, ambao kwao samaki ni kitu cha mtihani wa sayansi, walianza kwa kumnusa, wakaishia kunyang’anyana mkia. Mchungaji alimsifu sana, akasema sasa anajisikia amelipiza kisasi kwa niaba ya kanisa.

Ratiba niliibandua mwenyewe. Nilidhani maisha yatakuwa mepesi. Sikujua kwamba mtu aliyekaa miaka kumi na minne bila kukusemesha ana akiba. Mama mkwe alinieleza kuhusu fundo, kuhusu mabati ya Kibwezi, kuhusu jinsi ninavyoshika kisu, kuhusu siku ya harusi ambapo suti yangu ilikuwa ya mtu mwingine. Alinieleza kupitia mlango wa bafu. Asubuhi moja nilijikuta nimesimama kichakani nyuma ya nyumba bila mtu yeyote kunikimbiza huko, nikapumzika dakika tano.

Wiki tatu zikawa miezi miwili, kwa sababu fundi wa mabati hakuwa na haraka na sisi hatukumharakisha. Kila Jumamosi tulishuka bwawani. Nilijifunza kwamba asubuhi ya baridi samaki huzama, na chambo kizame naye. Kwamba baada ya mvua mtu avulie pale maji mapya yanapoingilia. Kwamba ndoana butu ni matembezi tu, kwa hiyo unaijaribu kwenye ukucha, ikiteleza inoe. Nilivua wanne kwa jumla, na mmoja wao alikuwa mdogo kiasi kwamba tulimrudisha tukimwomba msamaha.

Aliyepata hasara ni mke wangu. Kazi yake ya kupitisha maneno ilikuwa imekwisha, na yale ya kwake hayakuwa tena na gari la kupandia. Jumamosi mbili alikaa kwenye jerikeni akitazama simu. Ya tatu akasimama, akatushuhudia mimi na mama yake tukibishana kama siku ile ni ya mnyoo au ya kijiko, akaja akanipokonya fimbo mkononi.

“Lakini unaogopa maji,” nikasema.

“Naogopa kuingia. Sijasema nitaingia.”

“Usisimame hapo, kivuli chako…” alianza mama mkwe.

“Mwaitu, nimesikia. Nimeyasema hayo yote mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mara mia.”

Akalowanisha fundo kwa mate, akarusha mara moja tu, karibu na kisiki, akaacha uzi ulale. Mimi na mama mkwe tulikuwa na maoni. Tuliyatoa kwa pamoja, yeye kutoka upande wa kulia na mimi kutoka kushoto, na mke wangu hakugeuka kumsikiliza hata mmoja wetu.